Shukrani kwa mzee wa udi, Mji Mkongwe

Shikamoo mzee wangu. Jina lako sikuliuliza, ndiyo maana nakushukuru hadharani.

Nimepiga gitaa tangu utotoni, na nilipohamia kwenye udi, ile ala ya nyuzi ya taarab, vidole vilibaki vikitafuta vile vyuma vya shingoni ambavyo udi hauna. Ulikaa nami barazani mchana kutwa. Kwanza risha, kile kipande cha kupigia nyuzi: ukanikunjisha kiganja ili mkono ushuke kwa uzito wake, nyuzi mbili za kila jozi zilie pamoja. Kisha Rast, mojawapo ya maqam, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu. Loo, Rast! Ukakishika kidole changu cha shahada kwenye uzi wa noti ya re, ukakirudisha nyuma kiduchu, mpaka ikatoka ile sauti iliyo kati ya mi bemoli (mi iliyoshushwa nusu hatua) na mi, ambayo gitaa la kawaida haliwezi kuitoa bila kuvuta waya. Nimeisikia kwenye taarab maisha yangu yote, leo naipiga mwenyewe.

Hukutaka hata senti, ukaniachia na risha yako. Ahsante sana, mzee wangu. Mungu akupe afya na umri mrefu. Ukisoma haya, au akiyasoma mwanao, nijulisheni nije kuwasalimu.