Harambee ya walinzi wa viota vya kasa, Juani

Wana-Mafia mlioko nyumbani na mlioko mbali, salaam nyingi kutoka kisiwani kwetu Juani.

Masika inakaribia, na kasa watapanda kwa wingi upande wetu wa mashariki, kwenye bahari kuu. Wengi wenu mmekua mkiiona michirizi yao mchangani. Mama hupanda usiku, huchimba kwa mapezi ya nyuma shimo la kina cha mkono, hutaga mayai mia moja na zaidi, hufukia, kisha hurudi baharini. Baada ya wiki mbili hivi huja kutaga tena. Msimu ukiisha, huenda usimwone kwa miaka miwili, mitatu au zaidi.

Msimu uliopita, bamvua la mwezi mpevu, maji yanapojaa kupita kawaida, lilikipitia kiota kimoja. Mlinzi alikuwa peke yake, ng'ambo ya pili ya ufuko. Alfajiri tulipokifukua, mayai yalikuwa yameloa chumvi, hakuna la kuokoa. Kasa jike huchukua miaka 20 au 30 hivi kabla ya kutaga mara ya kwanza. Hasara ya usiku ule tutaiona wanetu wakiwa watu wazima.

Kiota kilichotagwa chini ya alama ya maji kujaa huhamishwa, lakini ndani ya saa chache tu. Mlinzi hupiga magoti, hutia mkono hadi begani, hutoa yai mojamoja na kulilaza ndooni vilevile lilivyokuwa. Likishakaa, kiinitete hujishika upande wa juu; ukiligeuza umeliua. Anayefika asubuhi amechelewa.

Kwa hiyo tunataka walinzi wanne, kila usiku, kwa miezi mitatu. Wawili tumeshawapata: zamani walifukua mayai ya kuuza, na hakuna aujuaye ufuko huu kama wao. Posho ni shilingi 150,000 kwa mwezi kwa kila mmoja, jumla 1,800,000. Makoti ya mvua, ndoo na tochi za mwanga mwekundu ni 600,000. Tochi nyeupe hapana, kasa akiiona hugeuka bila kutaga.

Lengo ni shilingi 2,400,000. Mpeni mweka hazina wetu, na hesabu itasomwa hadharani kijijini. Asiye na fedha alete ndoo, koti, au usiku mmoja wa kutembea nasi. Tunakutana Jumamosi baada ya Alasiri, penye mashua.