Chama chetu kitangulize barua ya kazi, usajili utafuata

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu ripoti ya mwaka tuliyosomewa Jumapili iliyopita katika mkutano wa tawi la chama chetu cha wafanyakazi hapa Nairobi, kundi la sisi tunaofanya kazi za nyumbani. Mkutano huwekwa Jumapili kwa sababu ndiyo siku ambayo wengi wetu hupewa ruhusa ya kutoka, ingawa safari hii pia niliwaona wenzangu wawili wamekuja na watoto wa waajiri wao mgongoni, na hapo msomaji ataelewa ruhusa yenyewe ni ya namna gani.

Mafanikio yaliyotajwa ni ya kweli. Nyongeza ya asilimia 6 iliyoanza Novemba 1, 2024 ilipandisha kima cha chini cha mshahara jijini kutoka Sh15,201.65 hadi Sh16,113.75 kwa mwezi, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba, na katika daraja hilo wametajwa yaya, mtumishi wa nyumbani, mtunza bustani na mlinzi wa mchana. Mahakama ya Viwanda nayo ilikwisha kuamua mwaka 2012 kwamba mfanyakazi wa nyumbani analindwa na sheria za kazi kama mfanyakazi mwingine yeyote. Mkataba nambari 189 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu wafanyakazi wa nyumbani, uliopitishwa Geneva Juni 16, 2011, siku hizi huwasikia hata wasichana waliofika juzi kutoka mashambani wakiutaja, na hiyo ni kazi ya chama, si ya mtu mwingine.

Ninachopinga ni mpangilio wa mambo ya mwaka ujao. La kwanza limewekwa kusajili wanachama wapya, la pili kudai nyongeza nyingine, na mkataba wa maandishi kwa kila mfanyakazi umeachwa karibu na mwisho, baada ya fulana za Leba Dei. Nilipowauliza wanawake niliokaa nao benchi moja, ni mmoja tu aliyekuwa na barua ya kazi, na mwajiri wake huyo hufanya kazi ubalozini. Sisi wengine tuliajiriwa kwa maneno yaliyosemwa mlangoni. Kwa mtu wa namna hiyo nyongeza ni habari ya redioni, kwa kuwa hana karatasi inayoonyesha alikuwa akilipwa ngapi kabla ya kuongezwa.

Niruhusu nieleze yaliyompata mwenzangu mmoja tunayeishi ploti moja Kawangware. Alifanya kazi katika nyumba moja kwa miaka sita, akalipwa pesa taslimu mezani jikoni, bila kutia sahihi popote. Alipofukuzwa asubuhi moja bila notisi, chama kilimwandikia mwajiri barua nzuri sana ya kudai haki zake. Jibu lililorudi lilikuwa la sentensi mbili: kwamba huyo hakuwa mfanyakazi, alikuwa jamaa aliyekuja kumsaidia kulea watoto. Ni kweli Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mwajiri akishindwa kuleta mkataba mahakamani, ni juu yake kukanusha masharti ambayo mfanyakazi anadai walikubaliana. Lakini kabla ya kufika kwenye masharti ni lazima kwanza ionekane kwamba kazi ilikuwapo, na mashahidi wa jikoni ni sufuria. Mwishowe alipokea pesa kidogo za kumnyamazisha, akarudi kutafuta vibarua vya kufua.

Chama chetu kina wafanyakazi wa hoteli pia, na viongozi wetu wengi wamekulia katika upande huo; nadhani ndiyo sababu wanatazama usajili kwanza. Hotelini, chama kikipata zaidi ya nusu ya wafanyakazi, sheria inamlazimu mwajiri kukitambua, halafu mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri ukitiwa sahihi unawafunika wote, na ada ya chama inakatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Kwetu sisi, katika nyumba yenye mfanyakazi mmoja, walio wengi ni yeye peke yake, na ada tunatuma wenyewe kwa M-Pesa mwezi tukiwa nazo. Mkataba wa pamoja hauwezi kuzunguka Kilimani na South B ukibisha hodi mlango kwa mlango. Barua ya kila mmoja ndiyo mkataba wetu.

Wala si jambo la kungojea Bunge. Sheria hiyohiyo ya Ajira inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, mwajiri ndiye anayepaswa kuuandaa, na asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoielewa kisha aweke kidole gumba. Chama kichapishe fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, nakala mbili: mshahara na siku ya kulipwa, saa za kazi, siku moja ya mapumziko katika kila saba, likizo ya siku 21 kwa mwaka, notisi. Makato yaandikwe pia kwa hesabu, kwa sababu hapo ndipo ugomvi huanzia. Kwa mshahara wa Sh16,113.75, asilimia 6 ya NSSF, yaani akiba ya uzeeni, ni kama Sh967 kutoka kwangu na kiasi hichohicho kutoka kwa mwajiri, ya afya ni asilimia 2.75, yaani Sh443 hivi, na tozo ya nyumba nafuu ni asilimia 1.5. Waajiri wengi hudhani fungu lao pia wanaweza kulitoa kwangu.

Mimi nilijaribu. Niliandika fomu ya namna hiyo kwa mkono na kumpa mwajiri wangu, ambaye ni mwalimu na mwanachama wa chama cha walimu, aliyewahi kugoma kudai mkataba wake mwenyewe utekelezwe. Aliisoma usiku akiwa na kalamu nyekundu, akanisahihisha sarufi mahali pane, akaongeza sharti moja kuhusu mgonjwa anayelazwa, kisha akatia sahihi na kuniuliza kwa nini nimekaa miaka mitatu bila kumletea. Sikuwa na jibu la maana. Majirani wawili katika jengo letu wameiomba, na wote wawili waliniuliza pia jinsi ya kujiunga na chama, bila mimi kulitaja neno usajili.

Nakala yenye wino mwekundu nimeipeleka ofisi ya tawi. Naomba ichapishwe kabla ya fulana.

Mfanyakazi wa nyumbani,
Kawangware, Nairobi