Nyangumi wauaji na mama zao

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Nakuandikia hasa habari za nyangumi wauaji niliowaona kisiwa cha San Juan, huku jimbo la Washington. Kuna mnara wa taa uitwao Lime Kiln. Watu huketi mwambani kuwatazama bila kuwasumbua kwa boti.

Unaanza kusikia pumzi zao, phuu! Kisha mapezi meusi yanachomoza. Dume mmoja, ambaye pezi lake la mgongoni ni refu kama mtu mzima, alikuwa amebeba utepe mrefu wa mwani. Anauacha uteleze polepole mgongoni hadi mkiani, anageuka, anaufuata tena. Ndama naye anaruka na kujibwaga majini kwa mgongo, anaruka tena. Hapakuwa na windo lolote pale. Walikuwa wanacheza tu!

Mama, dume yule na ukubwa wake wote anaishi na mama yake. Wapo wengine wanaowinda sili, lakini hawa hula samaki, hasa salmoni, na watoto wao, wa kike kwa wa kiume, hawahami kwa mama maisha yao yote. Dume huweza kuzaa na majike wa koo nyingine, kisha hurudi kwao. Bibi aliyekwisha koma kuzaa ndiye hutangulia mbele, hasa mwaka ambao salmoni ni haba, naye huwagawia wanawe samaki. Koo zikikutana, wakati mwingine hujipanga safu mbili, hutazamana na kutulia kidogo, ndipo huchanganyika kwa kusuguana na kupiga milio.

Tena huigana. Mwaka 1987 jike mmoja alianza kuogelea na salmoni mfu kichwani, kama kofia. Baada ya wiki chache hata wa koo nyingine wakawa wanafanya hivyo, kisha mtindo ukaisha.

Linaloniuma ni kwamba hawa wa huku, wanaokula salmoni, hawafiki 80. Salmoni wamepungua, na kelele za meli zinawavuruga wakiwinda. Mwaka 2018 jike aitwaye Tahlequah alifiwa na kichanga chake, akambeba siku 17 baharini. Tangu 2025 sheria ya hapa inazitaka boti zikae mbali nao, karibu mita 900. Mimi naona ni haki yao.

Nitakupigia Jumapili, nikusimulie na mengine. Wasalimie wote.

Mwanao akupendaye