Tamthilia ndefu hazizaliwi tena

Mhariri,

Wanaolalamika kwamba televisheni inarudia majina yaleyale ya tamthilia za zamani huwalaumu waandishi kwa kukosa ubunifu. Sisi tunaona tatizo liko kwenye hesabu.

Runinga ya Marekani ilizoea kutoa sehemu 22 au zaidi kwa msimu, kila mwaka. Kwa miaka minne tamthilia ilikaribia sehemu 100, idadi iliyowezesha kuuza marudio kwa vituo vingine, na faida kubwa ilikuwa hapo. Leo msimu mara nyingi una sehemu 8 au 10, na mwingine huweza kusubiriwa miaka miwili au mitatu. Stranger Things, tamthilia ya Netflix kuhusu kundi la watoto, ilianza mwaka 2016. Kufikia 2022 ilikuwa na sehemu 34 tu, na waigizaji wake watoto walikuwa wameshabaleghe!

Pia kuna muundo. Law & Order ya 1990 ilijengwa juu ya kazi, si mtu: polisi wanapeleleza, kisha waendesha mashtaka wanaingia mahakamani. Mwigizaji akiondoka, kiti kinabaki. Hadithi moja iliyonyooshwa msimu mzima haina kiti cha namna hiyo. Siri ikifichuka, imekwisha.

Tawi nalo, yaani tamthilia mpya inayochipuka kutoka nyingine, huhitaji shina. NCIS, tamthilia ya wapelelezi wa jeshi la majini la Marekani, ilijaribiwa kwanza ndani ya JAG, tamthilia ya wanasheria wa jeshi hilo, mwaka 2003, mbele ya watazamaji waliokuwapo tayari. Tamthilia inayokatwa baada ya msimu mmoja itazaa nini? Wakubwa wa vituo waagize angalau sehemu 20 kwa mwaka, kwa bajeti ndogo na mandhari ya kudumu.

Waandishi wa miswada ya tamthilia