Insulini isisafirishwe kwenye buti la basi

Mhariri,

Naomba nafasi nifikishe ombi moja kwa wamiliki wa mabasi ya mikoani: abiria mwenye insulini, dawa ya sindano ya kisukari, aachwe akae nayo kwenye kiti chake. Hivi karibuni, tukitoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, utingo aliuchukua mfuko wa dawa za mwanangu na kuusukumiza kwenye buti, katikati ya magunia, akisema mizigo yote ni ya chini. Aliurudisha baada ya abiria wenzetu kuingilia kati. Simlaumu sana, kwani yaelekea hakuna aliyewahi kumweleza kuwa zipo dawa zinazoharibiwa na joto. Lakini safari ile inazidi kilomita 1,000, na buti lililofungwa juani huwaka.

Kichupa kisichofunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na kile kinachotumika huweza kukaa nje ya friji kwa takriban wiki 4, ilimradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30, kutegemea maelekezo ya mtengenezaji. Kweli, utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva uliochapishwa mwaka 2021, uliofuata joto lililopimwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, ulionyesha kuwa insulini ilidumu na nguvu yake kwa wiki 4 katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Hiyo ni faraja kwetu tusio na friji, ila haihalalishi buti.

Hofu ya joto nayo imezaa kosa jingine, na kwa maoni yangu ndilo baya zaidi. Wapo wanaonunua barafu za nailoni stendi na kukilaza kichupa juu yake moja kwa moja. Insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka, na kwa macho huenda usione tofauti yoyote. Ni heri kuiviringisha kwenye taulo kavu kwanza, au kuiweka ndani ya chupa ya chai iliyopoozwa kwa maji baridi kisha ikakaushwa. Kitambaa kibichi nacho husaidia, zaidi kwenye hewa kavu ya Dodoma na Singida kuliko kwenye unyevu wa Pwani.

Kliniki za kisukari zingeweza kutupatia cheti kifupi cha kumwonyesha kondakta, nao wenye mabasi wakawaagiza wafanyakazi wao wakiheshimu, kwa kuwa mfuko wenyewe hutosha kupakatwa.

Mzazi wa mtoto mwenye kisukari,
Mwanza