Meli iliyoitangulia reli

Kisumu

Rafiki yangu Chege,

Pokea salamu kutoka huku kando ya Ziwa Victoria. Mchoro wa wanafunzi wako wa meli ya mvuke SS William Mackinnon nimeupata, na umenyooka kuliko nilivyotarajia. Ila ile sentensi ya kwanza ya maelezo ifute kabla hamjaibandika ukutani. Mmeandika kwamba reli ndiyo iliyoileta meli hiyo ziwani. Hesabu miaka: reli ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899, na ikagusa ziwa hapa, enzi hizo pakiitwa Port Florence, Disemba 1901. William Mackinnon ilikuwa imeshaelea 1900. Njia iliyosalia mbele ya reli ilikuwa kazi ya vichwa na mabega ya wapagazi, na hao ndio wanaostahili sentensi ya kwanza. Meli za Winifred na Sybil, zilizofuata miaka michache baadaye, ndizo zilizofaidi reli.

Hakuna mto unaoweza kuipandisha meli kutoka baharini hadi mita 1,134. Kwa hiyo kiwanda cha Bow, McLachlan cha Paisley, Uskoti, kiliiunda 1890 ili ifunguliwe. Meli ya namna hiyo husimamishwa yote kiwandani kwa bolti tu, bila ribiti, yaani vile vipini vya chuma vinavyogongwa vikiwa moto ili kuunga mabamba. Kila kipande hupigwa alama, kisha hubomolewa na kufungwa mizigo. Alama zenye maana ni zile za kugongwa kwa patasi kwenye chuma chenyewe, kwa kuwa rangi huchubuka njiani. Safu za mabamba hupewa herufi, A ikiwa ile inayogusana na mkuku, yaani uti wa chini, na mataruma, yaani mbavu za meli, hupewa namba. Waambie wanafunzi wafanye vivyo hivyo kwenye manila ya mfano wao kabla ya kukata hata kipande kimoja. Wakikata kwanza wakaandika baadaye, upande wa kulia na wa kushoto utawachanganya, kwa sababu vipande vinafanana kama mapacha lakini havibadilishani nafasi.

Wakikuuliza kuhusu uzito, wape hesabu hii. Bamba la chuma lenye unene wa milimita 6 lina kilo 47 hivi kwa kila mita ya mraba. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30. Bamba la mita moja kwa mbili basi ni mizigo mitatu, lakini huwezi kulikata mara tatu, na kutembea watatu na kitu kigumu kwenye kijia chembamba ni kazi ya kukanyagana visigino. Likijikunja njiani, matundu yake hayatalingana tena na ya jirani yake. Boila nayo ndiyo mbaya zaidi, maana ganda lake haligawanyiki.

Sasa ribiti, ambazo mmezichora vibaya. Usikasirike, karibu kila mtu hukosea hapo. Ukifika ufukweni unaanza na mkuku, unasimamisha mataruma, unavisha mabamba na kuyashika kwa bolti za muda. Hupigi ribiti mpaka matundu yote yakubaliane, na unaanzia katikati ukielekea omo na tezi, yaani mbele na nyuma, ili upotofu mdogo usukumwe hadi kwenye ncha. Kikundi ni watu wanne: mmoja anachoma ribiti motoni, mmoja yuko ndani ya meli akishikilia kichwa chake kwa chuma kizito, wawili wako nje wakipokezana nyundo. Ribiti huingia ikiwa nyekundu inayong'aa. Ikipoa hujikaza na kuyavuta mabamba mawili yabanane. Iliyopoa kabla ya kuingia haivuti chochote, na iliyochomwa kupita kiasi, inayotoa cheche, chuma chake kimeungua na kitakatika. Matundu yasipolingana, mvivu hulazimisha kwa kupigilia chuma chenye ncha. Hapo tundu hupasuka ukingoni na maji yatapita hapo milele. Dawa ni kulikwangua upya na kutumia ribiti nene zaidi.

Kupima ni rahisi: gonga kichwa upande mmoja kwa nyundo ndogo huku kidole kikigusa upande wa pili. Ukiisikia ikitetemeka kidoleni, imelegea, itolewe. Mwisho, kingo za mabamba hugongwa kwa patasi butu mpaka chuma chenyewe kizibe mwanya. Hii ni kalafati ya chuma. Pamba na lami ni za mbao.

Kosa lenu liko hapa. Kwenye mabamba ya ubavuni, matundu kwa nje huwa yamepanuliwa kama sahani, na mkia wa ribiti hugongwa ujaze hapo ukae karibu sawa na bamba. Vichwa vinavyojitokeza viko ndani. Wanaodondosha gundi nje ya mfano huiacha meli ikiwa na tetekuwanga. Kwa kipimo cha 1 kwa 50, chukulia ribiti ya milimita 16 na nafasi ya karibu mara nne ya unene wake, yaani milimita 64: kwenye manila ni milimita 1.3. Chomeni kidogo tu kwa ncha ya sindano kutoka nje, bila kutoboa. Na mabamba yapandane kingo kama magamba, msiyapange ukingo kwa ukingo.

Mstari wa maji mliouchora nao unahitaji kupanda kidogo. Maji ya ziwa ni mepesi kuliko ya bahari kwa kama asilimia 2.5, kwa hiyo meli inayozama mita 2 baharini itazama sentimita 5 zaidi hapa. Kwenye mfano ni milimita moja, lakini mwenye jicho ataiona. Faida yake ni kwamba boila hunywa maji ya ziwani moja kwa moja, wakati meli ya baharini hubeba maji yake yasiyo na chumvi. Matope tu ndiyo ya kuchungwa.

Tena: mkikuta neno "tani" kwenye rekodi za meli za zamani, msiligeuze kilo haraka. Mara nyingi ni ujazo, tani moja ikiwa futi za ujazo 100.

Mkija huku kuziona meli, mtazame mshono wa mabamba kwanza, ndipo msome jina. Mshono laini ni wa kuchomelea. Ukiona safu za visahani vidogo, hiyo ni ya ribiti. Nitumie mchoro uliosahihishwa kabla hamjanunua manila.

Rafiki yako,
Odhiambo