Kibarua aliyeumia asinyimwe fidia

Mhariri,

Vibarua wengi wa ujenzi hapa Malindi wanaoumia kazini hupewa pesa kidogo za dawa, kisha huambiwa hawana haki zaidi kwa kuwa hawakuandikiwa mkataba, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatambua mkataba wa mdomo, na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huohuo inamtaka mwajiri aripoti ajali serikalini ndani ya siku 7 baada ya kuarifiwa. Dai la fidia nalo lina muda wa miezi 12, na hapo ndipo wengi wanapodhulumiwa, wakipigwa danadana hadi muda upite. Maafisa wa kazi wawafuate vibarua kwenye majengo, wawaeleze haya mapema.

Msomaji,
Malindi